Usiniulize mabati mangapi, niulize mbao imebaki kiasi gani

(Haya ni maneno niliyoongea mbele ya wenye nyumba na mafundi kuhusu kurudisha paa baada ya moto, nimeyaandika karibu kama nilivoyasema maana wengi walioikosa waliniomba)

Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, vijana habari zenu. Mafundi wenzangu nawaona mmekaa huko nyuma, sogeeni mbele tafadhali, kuna kitu nataka mkione kwa macho.

Hii mbao niliyoshika ni ya mbili kwa nne, yaani milimita 50 kwa 100, imetoka kwenye kenchi, yaani ile fremu ya mbao ya pembe tatu inayobeba paa, ya nyumba iliyoungua. Iangalieni hivohivo mlivokaa. Imekuwa nyeusi, basi, haijakatika, haijapinda, ukiigonga inaita. Fundi mwenye haraka anakwambia hii bado nzima bosi, tunaipaka dawa tunapigilia juu yake maisha yanaendelea. Sasa nimeikata katikati kwa msumeno ili muone tumbo lake. Kuzunguka kote ni mkaa, afu kuna kamstari kembamba ka kahawia, afu ndo katikati kuna mbao yenyewe, ya njano, na harufu yake ya mbao. Nimeipima hiyo ya njano, upana wake ni milimita 28. Ilikuwa 50 jamani.

Watu wakinipigia simu baada ya moto karibu wote swali lao la kwanza ni hilohilo, fundi yataingia mabati mangapi. Nawaelewa kabisa, mtu familia imelala kwa jirani, mvua inanukia, anachotaka ni kuona kitu kinang'aa juu ya nyumba yake. Lakini bati ndo la mwisho. Kazi ya paa lililoungua inaanzia chini ya bati, kwenye kile ambacho moto haukukimaliza, maana kilichoisha kuwa majivu hakimdanganyi mtu, kila mtu anakiona. Kinachodanganya ni hiki kilichobaki kimesimama.

Niwaambie kidogo mbao inavoungua maana ukilielewa hilo mengine yote yanajipanga yenyewe. Mbao haishiki yote kwa mkupuo. Joto likifika kama nyuzi 300 hivi ngozi ya nje inageuka mkaa, na ule mkaa unakuwa kama blanketi, unachelewesha joto lisiingie ndani, ndo maana boriti nene inaweza kuwaka muda mrefu na bado imebeba. Kwa mbao laini kama paini wahandisi wanahesabu moto unakula kati ya milimita 0.65 na 0.8 kwa dakika, na hiyo ni kwa kila upande uliofikiwa. Piga hesabu ya nusu saa tu, ni kama milimita 20 upande mmoja. Mbao ya milimita 50 ikilambwa kulia na kushoto kwa nusu saa inabaki na kama 10. Kidole gumba ni kinene kuliko hapo.

Na nguvu haipungui sawasawa na unene, hapa ndo wengi wetu tunapotelea. Chukua hii ya 50 kwa 100 iliyosimamishwa kwa ubavu wake, moto ule milimita 10 kulia, 10 kushoto, na 10 kwa chini. Imebaki 30 kwa 90. Kwa macho unaona imepungua kidogo tu, lakini uwezo wake wa kubeba bila kuvunjika unaendana na upana ukizidisha kwa kina, afu ukazidisha kwa kina tena, kwahiyo imebaki chini ya nusu. Milimita kumi kumi tu! Afu bado kuna lile tabaka lililo chini ya mkaa, kale kamstari ka kahawia na hapo nyuma yake kidogo, limepikwa bila kuungua, wahandisi kwenye hesabu zao wanaondoa milimita 7 zingine hapo kama vile hazipo.

Basi kipimo chenyewe sio cha ajabu. Patasi au bisibisi bapa. Unakwangua mkaa mpaka uishe wote, sio mpaka uchoke, uishe wote, unafika kwenye mbao inayotoa vumbi jeupe sio jeusi, unachokoa na ncha kuona kama inazama, ikigoma kuzama ndo unatoa rula. Na unafanya hivo sehemu nyingi kwenye mbao moja, hasa upande wa juu ambao huwezi kuuona ukisimama chini, na pale mbao mbili zinapokutana maana moto unapenda kujificha kwenye maungio.

Hapo kwenye maungio niongee taratibu kwa sababu pana uchungu wangu.

Paa langu la kwanza la moto nilikuwa kijana, nina haraka na nina huruma, vyote viwili kwa pamoja. Moto ulianzia jikoni ukapanda darini, ukala upande mmoja wa nyumba, upande wa pili uliguswa na moshi na ulimi wa moto wa juu juu. Yule mama mwenye nyumba alikuwa anakuja kila asubuhi na wajukuu wake wawili, anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa anatuangalia, haongei. Mi nikajisemea huyu mama lazima alale kwake wiki hii. Tukabadilisha kenchi zilizokatika, zile tatu za upande wa pili tukazifuta masizi tukapaka rangi, tukapigilia mabati mapya, siku nne kazi imeisha. Alilia, akatuombea.

Miezi kadhaa mbele ikaja mvua ya upepo usiku, asubuhi ananipigia, mwanangu njoo uone. Nikafika nikakuta lile paa upande wa pili limelala katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Ashukuriwe Mungu halikushuka. Nikapanda, nikafungua bati, nikashika msumari mmoja pale kenchi inapounganika na ule mguu wa katikati. Nilishika kwa vidole viwili, sikutumia nyundo wala koleo, nikauvuta ukatoka kama unachomoa kijiti kwenye udongo mbichi. Pale ulipokuwa umezama kuzunguka kote ni mkaa. Mbao yenyewe ubavuni ilikuwa na afya nzuri tu, ila chuma kinabeba joto, msumari ulilipokea joto kwa kichwa chake ukalipeleka mpaka ndani ya mbao ukaipika kuanzia huko. Misumari yote ya maungio yale ilikuwa hivo. Lile paa halikuwa limefungwa na kitu, lilikuwa limepumzika tu mbao juu ya mbao.

Nililirudia lote kwa gharama yangu, na halikuwa jambo dogo kwangu wakati ule, lakini kinachonirudia mpaka leo usiku ni wale watoto wawili waliokuwa wanalala chini yake.

Kwahiyo mafundi wenzangu naomba hili mlishike, kagua maungio kabla ya mbao. Na zile kenchi za kiwandani zinazounganishwa kwa vibati vya meno ndo zinahitaji jicho kali zaidi, yale meno ni mafupi, milimita 8 au 10 hivi, moto ukishakula milimita kumi kibati kinakuwa kimeshikilia mkaa mtupu, unaweza ukakibandua kwa mkono. Mbao nzima, kibati kizima, muungano haupo. Kenchi ya namna hiyo usiipigilie msumari wa ziada ukaondoka, mwite mhandisi aitazame, au ibadilishe.

Sasa turudi nyuma kwenye siku za kwanza, maana wengine mmekuja hapa nyumba ikiwa bado inanuka moshi.

Usipande. Hata kama una uchungu wa kuona kilichobaki, usipande na usiingie chini yake mpaka zimamoto waseme moto umekwisha kabisa na fundi umeme awe amekata umeme kwenye chanzo. Moto wa darini unaweza ukajificha kwenye vumbi, kwenye kiota cha ndege, kwenye vile vifaa vya kuzuia joto, ukarudi saa kadhaa baadae. Siling nayo, ile ya jipsam, imekunywa maji ya zimamoto, na lita moja ya maji ni kilo moja, kwahiyo ukiona imetuna kwa chini ujue kuna mzigo unaning'inia juu ya kichwa chako. Tumia fimbo ndefu ukiwa umesimama mlangoni, itoboe maji yashuke, au iangushe kabisa.

Ukuta wa pembe tatu, ule wa ubavuni unaopanda mpaka kwenye kofia ya paa, watu hawauogopi na mi ndo ninaouogopa kuliko vyote. Ulikuwa umeegemea paa. Paa likiisha unabaki umesimama peke yake kama kadi, na upepo wa kawaida tu unaweza kuulaza. Weka mirunda ya kuuegemeza ndani na nje kabla mtu hajaanza kufagia chini yake, na watoto wakae mbali, wakae mbali kabisa.

Kama nyumba ni ya zamani na imeezekwa kwa yale mabati ya simenti ya kijivu, yanaweza kuwa na asbestosi. Yakipata moto yanapasuka kwa kishindo na vipande vinaruka mpaka uani, na ndani ya vile vipande kuna nyuzi ndogo sana ambazo ukizivuta zinakaa kwenye mapafu na ugonjwa wake unakuja miaka mingi baadae. Hapo msifagie kavu, msivunje, msipige ufagio. Lowesheni, zungushieni, waiteni wanaoruhusiwa kuyabeba. Kwenye hili sina nusu nusu.

Piga picha za kila kitu kabla hujagusa, kwa ajili ya bima kama unayo na kwa ajili ya anayechunguza chanzo. Afu turubai. Turubai lifungwe lipite juu ya kofia lishuke pande zote mbili, lifungwe kwenye ukuta au mirunda iliyo imara, usilifunge kwenye mbao zilizoungua maana upepo ukilijaza litaondoka nazo.

Halafu ndo kushikilia. Kabla ya kukata mbao hata moja, kenchi zote zilizoguswa ziwekewe mirunda kutoka chini. Kenchi ni pembe tatu zilizoshikana mikono, ukimkata mmoja wengine wote wanahama, na wanahama bila kukuaga. Mnakumbuka lile kanisa la Notre-Dame kule Paris lililoungua tarehe 15 Aprili 2019, paa lote la mialoni likaisha usiku mmoja. Lilifunguliwa tena Desemba 2024. Sasa katika muda huo wote, zaidi ya miaka miwili ya mwanzo haikuwa ya kujenga paa, ilikuwa ya kushikilia kuta na matao, kusafisha, na kutoa jukwaa la vyuma lililokuwepo kabla ya moto, mabomba kama 40,000, mengi yakiwa yamepindishwa na moto na kushikana, wakayakata moja moja wengine wakiwa wananing'inia kwenye kamba. Wenye pesa zote za dunia na macho yote ya dunia wameanza kwa kushikilia. Sisi wa nyumba ya vyumba vitatu tunashikilia siku mbili tatu, haituui.

Mirunda ikishakaa, chukua timazi, ile kamba yenye uzito, ukapime kama kuta zimesimama wima. Ile mbao ya chini ya kenchi, inayolala kutoka ukuta mpaka ukuta, haipo pale kwa ajili ya siling tu, inafunga. Ikiungua, miguu ya juu, yaani mbao za mteremko, inateleza kwenda nje na kuusukuma ukuta nayo. Nimewahi kukuta ukuta umetoka nje sentimita 3 juu na hakuna aliyeona kwa sababu kila mtu alikuwa anaangalia shimo la angani. Ukipandisha paa jipya kwenye ukuta huo vipimo vinakataa, na fundi asiyejua anaanza kulazimisha mbao.

Angalia pia lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Zege likipita kama nyuzi 300 mara nyingi linabadilika rangi kuelekea uwekundu, kama waridi hivi, na hiyo rangi haitoki ukifuta. Likibanduka nondo zikaonekana au likawa na rangi hiyo sehemu kubwa, hapo sio kazi ya fundi mbao tena, ni ya mhandisi.

Kuhusu mbao zenyewe mi nafanya hivi. Iliyopoteza kidogo tu kwa nje na maungio yake mazima, nakwangua, naisafisha, inabaki. Iliyopoteza kiasi lakini bado imenyooka, naiwekea mwenza pembeni, mbao mpya ya kina kilekile, na hapa muwe makini, mwenza huyo lazima apite sehemu iliyoungua aende mbali pande zote mbili mpaka kwenye mbao nzima, afungwe kwa bolti huko kwenye uzima. Nimeona watu wanaweka kiraka urefu uleule wa jeraha na misumari yote imeingia kwenye jeraha, hiyo haijasaidia chochote. Mkaa ukwanguliwe kabla ya kuweka mwenza, usibananishe mbao mpya na mkaa katikati, mkaa utasagika na bolti italegea. Na iliyopungua sana inatoka, bila huruma. Papi, yaani hizi mbao za kulala zinazopigiliwa bati, mi huwa sibembelezi hata kidogo, ni nyembamba, zikiguswa natoa zote.

Sasa bati, maana najua mlikuwa mnalisubiri. Bati la kawaida ni chuma kilichovikwa zinki, na zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419. Moto wa paa unafika huko na kupita. Kwahiyo bati linaweza kuwa halijatoboka wala kupinda sana lakini ile nguo yake imeondoka, utaliona lina unga unga mweupe au limefubaa na kuwa la bluu bluu au kahawia, hilo litapata kutu haraka sana kuliko unavodhani. Lizungushie banda la kuku, usilirudishe juu ya nyumba. La aluminiamu lenyewe linayeyuka kwenye 660, mara nyingi unakuta matone yake yameganda chini. Vigae ni rahisi kuvijua, shika kimoja kwa vidole kininginie, kigonge kwa kifundo cha kidole, kizima kinalia kama kikombe, chenye ufa kinajibu kwa sauti ya kufa hata kama ufa huuoni.

Na usisahau upande wa nyumba ambao haukuungua kabisa. Nyaya na mabomba ya PVC yakiungua yanatoa moshi ambao ukikutana na unyevu unakuwa asidi kali inayoitwa hydrochloric, na moshi unatembea nyumba nzima. Wiki chache baadae misumari na mabati ya upande ule salama yanaanza kutu na watu wanashangaa. Osheni masizi mapema, kwa maji na sabuni, kwenye chuma kwanza.

Harufu. Mtu anapaka rangi juu ya masizi akidhani amemaliza, siku ya kwanza ya unyevunyevu nyumba inanuka moto upya na mtoto aliyetolewa dirishani siku ya moto anaanza kutetemeka. Mi naomba mlichukulie kwa uzito, harufu sio urembo. Kwangua, osha, kausha, kisha paka ile rangi ya kwanza ya kuziba inayotengenezwa kwa shelaki, kwenye mbao zote zilizobaki darini, ndo siling irudi.

Na kausha kweli. Mbao iliyokunywa maji ya zimamoto ukiifungia ndani ya siling mpya unaikaribisha ukungu na kuoza. Kuna kifaa kidogo cha kupima unyevu, kina sindano mbili, unakichoma kwenye mbao kinasoma asilimia, mi sifungi mpaka iwe chini ya 20. Kama huna, azima.

Kabla ya kufunga, wakati dari iko wazi na unaona kila kitu, huo ndo muda wa kumleta fundi umeme avute nyaya zote upya ndani ya mabomba, hata zile zilizopona kwa macho, maana plastiki iliyopikwa inakauka na kupasuka baadae ndani kwa ndani. Kama kuna bomba la moshi la tofali, mbao zikae mbali nalo angalau milimita 50. Na kama nyumba zenu zimeungana paa moja, ukuta wa katikati upandishwe mpaka ugusane na paa, uzibwe vizuri, maana moto mkubwa wa nyumba zilizoungana mara nyingi unatembea kwenye ile nafasi ya darini ambayo hakuna aliyeijengea ukuta. Kengele ya moshi iwekwe pia, moja karibu na vyumba vya kulala.

Yule mama wa ndoo, mara ya pili tulipomaliza, nilimwomba apande ngazi. Alikataa, akamtuma mjukuu mkubwa. Nikampa yule kijana koleo nikamwambia chagua msumari wowote uvute. Akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, haukutoka, akahamia mwingine, nao haukutoka. Akamwambia bibi yake kutoka juu, bibi, inakataa.

Hii mbao naiacha hapa mezani na patasi yake. Njooni mmoja mmoja mkwangue wenyewe muone mkaa unaishia wapi, na kama kuna mwenye nyumba iliyoungua juzi, tubaki tukimaliza, nina ngazi kwenye gari.